MAKTABA, DAFTARI NA MUKANDA: URITHI WA KARATASI ZA V.Y. MUDIMBE NA NAFASI YA KISWAHILI

1.0 Utangulizi

Valentin-Yves Mudimbe alizaliwa Likasi tarehe 8 Desemba 1941, wakati mji huo ulipokuwa ukiitwa Jadotville. Alifariki nchini Marekani mwezi wa Aprili 2025, akiwa na umri wa miaka 83. Katika maisha yake alikuwa mshairi, mtunzi wa riwaya, mwanafilolojia, mwanafalsafa na profesa wa fasihi. Alifundisha Lovanium na Lubumbashi, kisha Haverford, Stanford na Duke. Maktaba yake binafsi aliitoa kwa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, chuo alichokihama mwishoni mwa utawala wake wa kwanza wa kitaaluma, pale alipokataa kuingizwa katika Kamati Kuu ya chama tawala cha MPR.

Wahakiki wengi wamekwisha kuandika juu ya falsafa ya Mudimbe. Makala hii haikusudii kurudia kazi hiyo. Inakusudia kuangalia jambo ambalo idara za Kiswahili zimeliachia idara za Kifaransa na falsafa, nalo ni hili: mwandishi huyu, aliyezaliwa katika mji unaosema Kiswahili, ameacha urithi wa karatasi ulioandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza. Je, taaluma ya Kiswahili ina haki gani, na wajibu gani, juu ya urithi huo?

Makala inatetea hoja tatu. Kwanza, suala la karatasi zinazoachwa na marehemu si jambo la nje ya kazi za Mudimbe, bali ni umbo lenyewe la baadhi ya riwaya zake kuu. Pili, maktaba iliyokabidhiwa Lubumbashi inapaswa kusomwa kama matini, si kuhesabiwa kama mali. Tatu, kufasiri kazi zake kwa Kiswahili ni njia ya kuzihakiki, kwa sababu baadhi ya dhana zake zinaonyesha sura mpya zinapolazimishwa kupita katika msamiati wetu.

2.0 Likasi na majina yake

Mtunza nyaraka anapoanza kazi hukutana kwanza na majina. Katika suala la Mudimbe, majina yenyewe ni historia. Mji wa Jadotville uliitwa hivyo kwa heshima ya Jean Jadot, mhandisi Mbelgiji wa enzi ya Union Minière. Mwaka 1966 ukarudishiwa jina la Likasi. Mwaka huohuo Élisabethville ikawa Lubumbashi. Katanga iliitwa Shaba kuanzia mwaka 1971, ikarudi kuwa Katanga mwaka 1997, na mwaka 2015 ikagawanywa, Likasi na Lubumbashi zikabaki katika jimbo la Haut-Katanga. Chuo Kikuu cha Lubumbashi nacho kilianza katika miaka ya 1950 kama chuo rasmi cha Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi, kikawa kampasi ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire mwaka 1971, kisha kikapata jina lake la sasa mwaka 1981.

Mwandishi mwenyewe hakuachwa nje ya mabadiliko hayo. Amri ya mwaka 1972 iliwataka raia wa Zaire waache majina ya ubatizo ya Kizungu. Valentin-Yves akawa Vumbi Yoka. Herufi mbili za mwanzo hazikubadilika, na ndiyo sababu jina "V.Y. Mudimbe" lilidumu katika majalada ya vitabu vyake katika vipindi vyote viwili. Msomaji wa haraka huona hapo ufupisho wa kawaida tu. Msomaji makini huona mbinu ya mtu aliyelazimishwa kubadili jina akachagua jina linaloacha alama ileile kwenye karatasi. Katalogi itakayoweka kazi zake zote chini ya jina moja tu, iwe Valentin-Yves au Vumbi Yoka, itafuta tendo hilo la kihistoria. Katalogi itakayoyatenga majina mawili bila kuyaunganisha itamfanya mtu mmoja aonekane wawili.

Jambo moja katika orodha hii ya majina linawahusu moja kwa moja wanafunzi wa Kiswahili. Kati ya majina yote rasmi ya jimbo hilo, moja tu, yaani Shaba, lilikuwa neno la Kiswahili lenye maana wazi kwa kila mkazi. Kwa miaka ishirini na zaidi dola ilitumia neno la lugha ya wachimba migodi kuita jimbo lao, wakati kazi za chuo kikuu ziliendelea kuandikwa kwa Kifaransa. Pengo hilo kati ya jina la nchi na lugha ya elimu ndilo mazingira ambamo Mudimbe alifanya kazi kuanzia mwaka 1971 hadi alipoondoka.

Kiswahili cha Katanga hakikuletwa na njia moja. Kilifika kwa misafara ya biashara ya karne ya 19 na kwa watu waliotoka Unyamwezi pamoja na Msiri, mtawala wa Bunkeya. Baadaye kilienezwa na kampuni ya migodi, iliyokusanya wafanyakazi wa lugha nyingi katika kambi zake, na misheni, hasa ya Wabenediktini waliofika Katanga mwaka 1910 wakiongozwa na Jean-Félix de Hemptinne. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na mamlaka ya kikoloni, ameonyesha jinsi Kiswahili hiki kilivyodhibitiwa kupitia misamiati, sarufi na vitabu vya mazungumzo vilivyotungwa kwa ajili ya waajiri. Kwa hiyo Kiswahili cha Likasi nacho kina "maktaba" yake ya kikoloni. Ukweli huu ni muhimu, kwa maana unazuia hitimisho rahisi kwamba Kifaransa ni lugha ya ukoloni na Kiswahili ni lugha safi ya wananchi.

3.0 Daftari za marehemu

Anayezipanga kazi za Mudimbe kwa umbo badala ya mada atagundua kwamba daftari ni umbo analolirudia mara nyingi kuliko jingine lolote. Kipo kitabu cha safari ya Marekani, *Carnets d'Amérique* (1976). Ipo shajara ya Berlin ya mwaka 1999, iliyochapishwa mwaka 2006 kwa jina la *Cheminements*. Ipo tawasifu ya mwaka 1994, *Les Corps glorieux des mots et des êtres*, inayosimulia malezi yake ya Kibenediktini. Kati ya maandishi haya ya nafsi zinasimama riwaya mbili ambazo ni daftari za watu wa kubuni: *L'Écart* (1979) na *Shaba Deux* (1989).

Katika *L'Écart* msomaji anapewa daftari za Ahmed Nara, mwanahistoria kijana anayeandika tasnifu juu ya Wakuba. Tangu mwanzo msomaji anajua kwamba Nara amekwisha kufa. Anachosoma ni karatasi zilizopokewa na mtu mwingine na kutolewa hadharani. Nara anataka kuandika historia ya Wakuba isiyoburutwa na maarifa ya wataalamu wa Ulaya, lakini kila anaponyoosha mkono kuchukua ushahidi, anaushika kupitia vitabu vya wataalamu haohao. Tasnifu haimaliziki. Kinachobaki ni daftari, yaani kumbukumbu za mtu aliyeshindwa kuandika kitabu alichokusudia.

Wahakiki wamezoea kumsoma Nara kama mgonjwa wa nafsi au kama kielelezo cha msomi wa Kiafrika aliyegawanyika. Usomaji huo una msingi, lakini unalipa uzito mdogo umbo la riwaya. Kushindwa kwa Nara kunafikishwa kwa msomaji kupitia tendo la uhifadhi: mtu fulani aliziona karatasi hizi kuwa zinafaa kutunzwa. Tasnifu iliyokamilika ingeingia katika rafu pamoja na vitabu vingine juu ya Wakuba. Daftari lisilokamilika linaonyesha jinsi rafu hiyo inavyojengwa na nani anayeumia katika kuijenga. Kwa maana hiyo riwaya inadai kwamba karatasi za kando, zenye mikato na marudio, zinaweza kuwa na ukweli ambao maandishi rasmi hayana.

*Shaba Deux* inaendeleza hoja hiyo katika mazingira yaliyo karibu zaidi na Likasi. Mwandishi wa daftari ni Mama Marie-Gertrude, mtawa Mwafrika wa Kifransisko katika mji wa Kolwezi. Wakati ni Mei 1978, wapiganaji wa FNLC walipouteka mji huo tarehe 13, kabla ya askari wa miavuli wa Ufaransa kushuka tarehe 19. Watawa wa Ulaya wanapoondoka, yeye anabaki na uongozi wa nyumba ambayo kabla ya hapo hakuwa na sauti kubwa ndani yake. Anaandika kwa utulivu wa mtu aliyefundishwa kuchunguza dhamiri yake kila jioni. Vita vinasikika pembezoni mwa ukurasa. Katikati ya ukurasa kuna sala, utii na mashaka.

Uzito wa riwaya hii umo katika uchaguzi wa shahidi. Vita vya Shaba viliandikwa sana na waandishi wa habari, wanajeshi na wanadiplomasia. Mudimbe aliviweka katika daftari la mtu ambaye hakuna taarifa rasmi ingemtafuta. Hata hivyo hapa ndipo udhaifu wa mradi wake unapoonekana kwa msomaji wa Kiswahili. Daftari la mtawa limeandikwa kwa Kifaransa kilichonyooka, chenye mwangwi wa vitabu vya ibada. Wagonjwa, wapishi, wakimbizi na askari wa Kolwezi, ambao mazungumzo yao ya kila siku yangekuwa kwa Kiswahili, wanafika katika ukurasa wakiwa wamekwisha kufasiriwa. Mtu anaweza kujibu kwamba huo ni uhalisia: mtawa aliyesomeshwa katika utaratibu wa Kibelgiji angeandika dhamiri yake kwa Kifaransa. Jibu hilo ni sahihi, lakini halimalizi suala. Kama tafsiri inatendeka kati ya sikio na kalamu ya mtawa, basi tafsiri hiyo ni sehemu ya maisha yake ya ndani, na riwaya inayochunguza maisha hayo kwa undani kiasi hicho inapita juu yake kama kwamba haipo. Mudimbe, aliyekuwa mwanafilolojia wa kiwango cha juu, amemnyima mhusika wake tatizo la lugha ambalo yeye mwenyewe alilijua vizuri.

4.0 Maktaba ya kikoloni na maktaba ya Lubumbashi

Dhana ya "maktaba ya kikoloni" ndiyo mchango wa Mudimbe unaotajwa zaidi. Kwa ufupi, ni jumla ya maandishi ya wasafiri, wamisionari, watawala na wanaanthropolojia ambayo yaliifanya Afrika kuwa kitu cha kujulikana, yakaweka pia istilahi ambazo hata wapinzani wa ukoloni walizitumia baadaye. Katika *The Invention of Africa* (1988) na *The Idea of Africa* (1994) anaonyesha kwamba mfungwa wa maktaba hiyo si mzungu peke yake. Placide Tempels, mmisionari wa Katanga ambaye *La philosophie bantoue* ilitokea Élisabethville mwaka 1945, alitaka kuwatetea Waafrika, lakini utetezi wake ulitumia vifaa vya maktaba ileile.

Mtu aliyefanya uchambuzi huo hakuwa na njia ya kuukwepa wingi wa vitabu. Haiwezekani kuihakiki maktaba bila kuisoma. Filamu ya Jean-Pierre Bekolo ya mwaka 2015, *Les Choses et les mots de Mudimbe*, inamwonyesha mzee huyo nyumbani kwake, na vitabu vinavyomzunguka vinajitokeza karibu kama mhusika wa pili. Vitabu hivyo kupelekwa Lubumbashi ni tendo lenye utata unaofaa kufikiriwa. Kwa upande mmoja ni marejesho: msomi aliyeondoka chini ya shinikizo la siasa anarudisha zana zake za kazi katika chuo chake cha zamani. Kwa upande mwingine, sehemu fulani ya kile kinachorudi ni maktaba ya kikoloni yenyewe, ikiwa sasa imesomwa na kupingwa.

Thamani ya mkusanyo huo inategemea namna unavyotunzwa. Wataalamu wa nyaraka wana kanuni ya kuheshimu mpangilio wa asili: karatasi za mtu hazichanganywi na za mwingine, wala hazipangwi upya kwa mada, kwa sababu ujirani wa karatasi ni ushahidi wa jinsi mwenyewe alivyofikiri. Maktaba za vyuo hufuata kanuni tofauti: kila kitabu huenda kwenye rafu ya somo lake. Kanuni hizi mbili zinapogongana juu ya maktaba ya msomi, wasimamizi hupendelea ya pili, kwa kuwa inawasaidia wanafunzi wanaotafuta kitabu fulani. Lakini nakala ya kawaida ya kitabu juu ya sarufi ya Kilatini inapatikana kwingine. Kisichopatikana kwingine ni ukweli kwamba kitabu hicho kilikaa karibu na kipi, kina alama gani katika pambizo, na kimefungwa karatasi gani ndani yake. Katalogi inayoandika jina la mwandishi, mwaka na idadi ya kurasa tu inaihifadhi mali na kuitupa matini.

Hapo ndipo wanaisimu wanapohitajika. Kazi ya kusoma pambizo ni kazi ya filolojia, taaluma ambayo Mudimbe alihitimu kwayo. Tasnifu yake ya udaktari, aliyoitetea Louvain mwaka 1970, ilifuatilia maana za neno moja tu, *air*, katika historia ya Kifaransa. Mwanafunzi anayetaka kujifunza subira ya kufuatilia neno hahitaji mfano bora kuliko huo. Na mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuigeuza subira hiyo kwa maneno ya mji wake.

5.0 Mukanda: karatasi zisizo za maprofesa

Katika Kiswahili cha Katanga neno *mukanda* lina maana ya barua, na kwa upana zaidi hati au maandishi. Msomaji wa Zanzibar au Mombasa akilisikia hudhani mshipi wa kiunoni. Tofauti hiyo ndogo inakumbusha kwamba Katanga ina utamaduni wake wa kuandika kwa Kiswahili, ambao haukupitia mikononi mwa washairi wa pwani wala Halmashauri ya Lugha.

Hati iliyo maarufu zaidi ya utamaduni huo ni historia ya mji wa Élisabethville iliyoandikwa mwaka 1965 na André Yav kwa ajili ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani. Imeandikwa kwa Kiswahili cha huko, bila kufuata tahajia sanifu, na mipaka ya maneno haitabiriki. Fabian aliitoa mwaka 1990 katika kitabu *History from Below* pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Ili ifahamike ilibidi kwanza isomwe kwa sauti. Kalundi Mango, mzawa wa lugha hiyo, aliirudisha matini katika mazungumzo, na usomaji wake ukachapishwa sambamba na maandishi ya asili. Somo la utaratibu huo ni kubwa. Kuna karatasi ambazo haziwezi kuhifadhiwa bila sauti ya kuzisoma, na mtunza nyaraka asiyejua lugha ya mahali ataziona kuwa zimeandikwa vibaya.

Kuziweka karatasi za Yav kando ya karatasi za Mudimbe si kuwalinganisha kwa cheo. Ni kuonyesha nusu mbili za kumbukumbu ya jimbo moja. Yav anaandika juu ya wazungu wa Élisabethville kutoka jikoni na uani, katika lugha ambayo hao wazungu walidhani ni chombo cha kutolea amri tu. Mudimbe anaandika juu ya vitabu vya wazungu kutoka maktabani, katika lugha za vitabu hivyo. Wote wawili wanachunguza mamlaka iliyodai kuwajua. Kile ambacho Nara alikitafuta katika *L'Écart*, yaani historia isiyoanzia katika maarifa ya Ulaya, Yav alikuwa amekwisha kukijaribu miaka 14 kabla, kwa kalamu isiyo na diploma. Kazi ya Yav nayo haikuwa nje ya maktaba ya kikoloni kabisa, kwa kuwa Kiswahili chake kilipitia kambi na jikoni za kikoloni. Ila ilikuwa na kitu ambacho daftari za Mudimbe hazina: msomaji aliyelengwa alikuwa jirani.

Utafiti wa lugha hii haukukosa watu. Edgar Polomé aliieleza katika miaka ya 1960, Walter Schicho alifanya kazi juu ya michezo ya kikundi cha Mufwankolo, na Vincent de Rooij alitoa mwaka 1996 uchunguzi wa mchanganyiko wa Kiswahili na Kifaransa. Kati ya kazi hizi na masomo juu ya Mudimbe, hata hivyo, kuna ukuta. Wanaosoma Mudimbe hawamsomi Yav, na wanaosoma Yav humtaja Mudimbe kama mwananadharia anayeweza kunukuliwa katika utangulizi.

6.0 Kufasiri kama kuhakiki

Katika maandishi yake ya *L'Odeur du père* (1982) Mudimbe mwenyewe aliligusa wazo kwamba kubadili lugha ambayo sayansi inafanywa kwayo kungeleta mpasuko katika maarifa. Yeye hakuichukua njia hiyo. Alihama kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, na *The Invention of Africa* ilirudi kwa Kifaransa mwaka 2021 tu. Wazo lake, basi, bado linangoja kujaribiwa na wengine. Mifano mitatu inatosha kuonyesha kwamba jaribio hilo lina faida.

Wa kwanza ni neno *invention*. Asili yake ya Kilatini, *invenire*, ilikuwa na maana ya kukifikia kitu na kukikuta. Baadaye neno likabeba pia maana ya kutunga. Kiswahili kina vitenzi vitatu vinavyogawana eneo hilo. *Kuvumbua* ni kinyume cha *kuvumbika*, yaani kufukia katika majivu au udongo. Mvumbuzi hufukua kilichokuwapo. *Kubuni* ni kutunga kwa akili. *Kuzua* ni kuleta neno lisilo na msingi, na *uzushi* una harufu ya kosa la imani. "Uvumbuzi wa Afrika" ungewapa wasafiri wa Kireno sifa wasiyostahili. "Uzushi wa Afrika" ungesema kwamba maktaba ya kikoloni ni uongo mtupu, jambo ambalo Mudimbe hakulisema. "Ubunifu wa Afrika" katika matumizi ya leo ungesomeka kama sifa ya wasanii wa Kiafrika. Linalofaa zaidi ni "kubuniwa kwa Afrika", kwa sababu kauli ya kutendwa inaifanya Afrika kuwa mtendwa na kumwacha mtenda bila kutajwa. Sarufi ya Kiswahili inamlazimisha mfasiri kuamua jambo ambalo kihusishi cha Kiingereza kiliruhusu lifichwe: nani alibuni, na nani alibuniwa?

Wa pili ni *gnosis*. Katika utangulizi wa kitabu hicho Mudimbe anatenganisha aina hii ya ujuzi na *doxa*, yaani maoni, na *episteme*, yaani elimu iliyopangwa kisayansi. Mfasiri anaweza kudhani kwamba istilahi za Kigiriki zitamshinda. Kinyume chake, Kiswahili kilirithi kutoka Kiarabu utofautishaji ulio tayari: *rai*, *elimu* na *maarifa*. Tena neno la Kiarabu lililozaa *maarifa* ndilo lililotumiwa na Masufi kwa ujuzi wa ndani unaopatikana kwa malezi na siri. Hapa Kiswahili kinaleta historia ya fikra ambayo maktaba ya Mudimbe, iliyoegemea Ugiriki, Roma na Ukristo, haikuipa nafasi kubwa. Uislamu wa Afrika Mashariki unaingia katika hoja yake kupitia mlango wa msamiati, na kuiuliza kama "Afrika" yake haikuwa imekatwa upande mmoja.

Wa tatu ni *écart*. Mfasiri wa Kiingereza aliichagua *The Rift*. Kwa Kiswahili "Ufa" linakuja haraka, lakini linakuja na methali yake: usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali inaahidi kwamba ufa unaweza kuzibwa na mwenye nyumba mwenye bidii. Nara hana nyumba ya namna hiyo. "Mwanya" ni bora, kwa sababu unataja nafasi iliyo wazi kati ya vitu viwili bila kuahidi ukarabati, na pia unaweza kumaanisha fursa. Uchaguzi huu mdogo unagusa tafsiri ya riwaya nzima: je, hali ya Nara ni uharibifu wa kurekebishwa, au ni nafasi ambamo fikra nyingine ingeweza kupita?

Kiswahili kina mfano wa kutosha wa kujivunia katika kazi hii. Shaaban Robert alimleta Omar Khayyam kwa Kiswahili mwaka 1952, na Julius Nyerere alitoa *Julius Caezar* mwaka 1963 na *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969. Tafsiri hizo zilithibitisha kwamba lugha inaweza kubeba kazi za ulimwengu. Tafsiri ya Mudimbe ingethibitisha jambo gumu zaidi: kwamba lugha inaweza kumjibu mzawa wake aliyeandika mbali nayo. Ingelazimu pia kuamua ni Kiswahili kipi. Kiswahili sanifu kingewafikia wasomaji wa Dodoma na Nairobi. Lakini mazungumzo ya Kolwezi katika *Shaba Deux* yangepoteza ukweli wake iwapo wenyeji wangesema *watu* pale wanaposema *bantu*, au kama *njo* yao ya kusisitiza ingesahihishwa kuwa *ndiyo*. Njia inayofaa ni daftari la mtawa kubaki katika lugha sanifu, na sauti za mji kuachwa katika lugha ya mji. Hapo tatizo ambalo mwandishi alimnyima mhusika wake lingerudi katika matini kupitia kwa mfasiri.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba Mudimbe aliliona suala la karatasi za marehemu kabla ya karatasi zake mwenyewe kuwa suala. Riwaya zake zinafundisha kwamba maandishi ya kando yanastahili kutunzwa, na kwamba anayeyapokea ana wajibu wa kueleza aliyapokeaje. Imeonyesha pia kwamba riwaya hizohizo zilikipita Kiswahili bila kukihesabu kama sehemu ya dhamiri ya wahusika wake, na kwamba kasoro hiyo haiwezi kurekebishwa na wanaomsoma kwa Kifaransa peke yake.

Mambo matatu yanaweza kufanywa bila kungoja fedha nyingi. Vitabu alivyovitoa viorodheshwe pamoja na alama za pambizo na karatasi zilizomo, chini ya majina yote mawili ya mwenyewe. Wanafunzi wa shahada wapewe kazi ya kufasiri sura mojamoja, zikiambatana na maelezo ya istilahi kama yale yaliyojaribiwa hapa. Na hati za Kiswahili zilizomo katika nyumba za Likasi, Kolwezi na Lubumbashi, yaani barua, madaftari ya vyama vya kusaidiana, hotuba za misiba na nyimbo za vikundi, zikusanywe na kusomwa kwa sauti wakati wenye kuzisoma bado wapo. Kazi hii ya tatu ndiyo ya haraka kuliko zote, kwa kuwa vitabu vya profesa vimekwisha kupata rafu, lakini mikanda ya majirani zake wa Likasi bado imo katika masanduku ya nyumbani.